Kumwomba kijana wa kijijini ridhaa ya utafiti: mwongozo kamili kwa timu zinazotoka Nairobi

Tafiti nyingi kuhusu vijana wa mashambani hupangwa Nairobi. Itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, huandikwa Upper Hill au Mbagathi, fomu huchapishwa mjini, kisha gari hupakiwa kuelekea Kitui, Kilifi, Siaya au Kajiado. Mwezi ukiisha, fomu zinarudi zote zikiwa na sahihi. Bado hujajua lililo muhimu: je, msichana wa miaka 14 aliyetia sahihi alijua kwamba angeweza kusema hapana, na angeisema angebaki salama nyumbani, shuleni na zahanatini? Kila hatua iliyo hapa chini ipime kwa swali hilo.

Kijana hapa ni mtu wa miaka 10 hadi 19, kama Shirika la Afya Duniani linavyohesabu. Sheria ya Kenya inamwita mtoto yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Kwa hiyo aliye chini ya umri huo anahitaji majibu mawili: idhini ya mzazi au mlezi, na ridhaa yake mwenyewe. Wa miaka 18 na 19 anajiamulia. Idhini ya mzazi inakupa ruhusa ya kwenda kumuuliza kijana, wala haimjibii. Mzazi akikubali na kijana akakataa, kazi imeishia hapo. Kijana akitaka na mzazi akakataa, imeishia hapo pia.

Hatua ya 1: Vibali, kwa mpangilio wake

Anza na kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kama vile ya KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba), ya Hospitali ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi, au ya shirika la afya la Amref. Ukishapata barua ya kamati, omba leseni ya utafiti ya NACOSTI mtandaoni, chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Leseni hudumu mwaka mmoja, kwa hiyo andika tarehe ya kuisha kwake ukutani. Kama unajaribu dawa au chanjo, utahitaji pia kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu. Halafu ripoti kaunti kabla ya kuonekana kijijini: kamishna wa kaunti, serikali ya kaunti na idara yake ya afya, na mkurugenzi wa elimu kama utaingia shuleni. Chifu na naibu wake huja baada ya hao. Ukianzia kwa chifu bila barua za juu, unamweka pabaya, naye atakutilia shaka kwa haki.

Panapokwamisha timu nyingi ni tafsiri. Fomu ya Kiingereza inapitishwa, ndipo watu wanakumbuka kwamba nyanya wa Mwingi husoma Kikamba au hasomi kabisa. Toleo la kila lugha lazima lipite kwenye kamati na lirudi na muhuri na tarehe. Ukibadilisha hata sentensi moja baada ya hapo, ni marekebisho ya itifaki na unarudi kwenye foleni. Tafsiri mapema, ifanyie majaribio mapema, kisha peleka matoleo yote kwa pamoja.

Kuna kosa la kisheria ambalo hata watafiti wazoefu hulifanya. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya 2006 inamruhusu mtoto aliye mjamzito, aliyeolewa au kuoa, aliye mzazi, au aliye katika hatari ya kuambukizwa, akubali mwenyewe kwa maandishi kupimwa VVU. Hiyo ni huduma ya kupimwa. Sheria hiyo hiyo inapofika kwenye utafiti wa kitabibu wa VVU kwa mtoto, inadai idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi wa kisheria. Kwa hiyo usiandike kwenye itifaki kwamba "vijana watajiamulia kwa mujibu wa sheria ya VVU" ukadhani umemaliza. Kama kumuuliza mzazi kungemweka kijana hatarini, kwa mfano utafiti unahusu mapenzi, mimba au ukatili wa nyumbani, iombe kamati ikuondolee sharti la idhini ya mzazi. Eleza hatari yenyewe, na useme ni nani atakayesimama upande wa kijana badala ya mzazi. Ombi lisilomtaja mtu huyo halistahili kukubaliwa. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu utafiti wa VVU na afya ya uzazi kwa vijana usomwe na timu nzima kabla ya kuandika ombi hilo.

Hatua ya 2: Fomu ambayo mtu anaweza kuielewa

Andaa fomu mbili tofauti, ya mzazi na ya kijana. Ya kijana isizidi kurasa mbili. Nusu ukurasa wa kwanza ubebe mambo makuu: sisi ni nani, tunataka ufanye nini, itachukua muda gani, nini kinaweza kukuumiza au kukuaibisha, unapata nini, na kwamba unaweza kukataa leo au kuacha kesho bila kupoteza matibabu wala nafasi shuleni. Sentensi ziwe na maneno 12 hadi 15. Mtu wa kwanza atafsiri, wa pili, ambaye hajaiona fomu ya asili, airudishe kwenye lugha ilikotoka, mtafiti alinganishe. Baadaye wasomee vijana watano au sita wa umri ule ule katika kata jirani ambayo haimo kwenye utafiti, uwaulize wameelewa nini. Usiwajaribie vijana wa Buruburu, Nairobi, kwa niaba ya vijana wa Ganze, Kilifi. Kiswahili chao si kimoja, wala hofu zao si moja.

Usiishie kuandika kwamba "taarifa zako zitakuwa siri". Taja watu: "Mama yako, mwalimu wako, chifu na mhudumu wa afya wa kijiji hawatajua ulichojibu. Watakaoona majibu ni watu wanne wa timu yetu, na hawataona jina lako." Kijana huielewa sentensi hiyo mara moja, kwa sababu hao ndio anaowaogopa.

Damu inahitaji aya yake yenyewe. Hadithi za mumiani bado zinatembea, na gari jeupe lenye nembo likisimama shuleni linaziamsha. Usiseme "kiasi kidogo cha damu". Sema mililita 5, sawa na kijiko kimoja cha chai, kisha toa chupa tupu ya sampuli na sindano yenyewe, wazishike. Sema damu itapelekwa maabara gani, itapimwa nini, haitapimwa nini, na itaharibiwa lini. Kuhifadhi sampuli kwa utafiti wa baadaye na kuipeleka nje ya nchi ni maswali mawili tofauti, kila moja na kisanduku chake cha ndiyo na hapana. Aliyekataa kuhifadhiwa sampuli bado anaweza kushiriki katika mengine, mradi itifaki imesema hivyo.

Kama utafiti unagawa watu katika makundi kwa bahati, eleza kwa vitendo: weka vikaratasi viwili kwenye mfuko na umwombe mzazi achomoe kimoja bila kuangalia. Kisha sema wazi kwamba wala daktari, wala chifu, wala wewe hamna uwezo wa kubadilisha alichochomoa. Jihadhari usilifanye lionekane bahati nasibu yenye mshindi, kwa kuwa hakuna ajuaye kundi lipi ni bora. Ndiyo sababu utafiti unafanywa.

Hatua ya 3: Kuingia kijijini

Omba nafasi ya dakika 20 katika baraza la chifu. Eleza utafiti, jibu maswali, ondoka. Usiandikishe mtu barazani, wala usiombe mikono iinuliwe. Kukubali kwa baraza ni ruhusa ya kutembea kijijini, hakumfungi mtu yeyote. Kabla ya siku hiyo, kubaliana na chifu kwamba atawatambulisha kisha hatafuatilia nani amejiunga. Ukiona mzee wa kijiji anapita nyumba kwa nyumba akisema "chifu amesema mwende", simamisha uandikishaji na urudi kwa chifu kwa heshima mlirekebishe. Wote walioitwa namna hiyo waelezwe upya kwamba hawakulazimishwa, na waulizwe upya.

Unda kundi dogo la ushauri la watu wa pale pale, lenye vijana wasiopungua watatu, wasichana na wavulana, na wakutane bila wazee kwanza. Hao watakuambia mambo ambayo hakuna itifaki inayoyajua: kwamba Jumanne ni siku ya soko na hakuna mama nyumbani, kwamba wakati wa kupanda kila mtu yuko shambani hadi saa kumi, kwamba nyumba fulani ukiingia na karatasi watu watasema mna kesi.

Mhudumu wa afya ya jamii anafaa sana kukuonyesha njia. Akishakufikisha, mshukuru na umwombe asubiri mbali. Yeye ni jirani, na anayezungumza mbele ya jirani hazungumzi yote.

Hatua ya 4: Mzazi au mlezi

Tenga dakika 45 hadi saa nzima kwa kila boma, na safari mbili: ya kueleza na kuacha fomu, na ya kuchukua jibu baada ya angalau siku moja. Anayetia sahihi dakika kumi baada ya kukuona huwa anamaliza ugeni tu.

Kwanza jua nani ana haki ya kutoa idhini. Mashambani kijana mara nyingi huishi na nyanya, shangazi au kaka mkubwa. Uliza: "Mama, huyu Mwende akiugua usiku, nani huamua aende hospitali? Nani hulipa karo?" Halafu ulinganishe na itifaki yako imemtaja nani kuwa mlezi. Baadhi ya kamati hukubali barua ya chifu inayothibitisha malezi. Hilo liamuliwe kabla ya kwenda, lisiamuliwe mlangoni. Boma linaloongozwa na mtoto lipeleke kwa kamati na afisa wa watoto, usibuni mlezi.

Mara nyingi utaambiwa mama yuko Nairobi, amepata kazi Industrial Area au ni msaidizi wa nyumbani Lavington. Timu nyingi hapo humpa nyanya fomu na kusonga mbele. Mama yu hai, ana simu, na ofisi yenu iko mji uleule anaofanyia kazi. Panga mfanyakazi mmoja abaki Nairobi kwa kazi hiyo tu, akutane na wazazi Jumapili au siku yao ya mapumziko, karibu na wanakoishi. Idhini kwa simu ifanyike tu kama kamati imeiruhusu kwa maandishi, akiwepo shahidi anayesikiliza, na saa na tarehe ya simu ziandikwe.

Mzazi asiyesoma asomewe fomu yote, neno kwa neno, mbele ya shahidi anayejua kusoma, asiye wa timu yenu na asiye chifu. Mzazi aweke alama ya kidole gumba kwa wino, shahidi aandike jina la mzazi na tarehe, kisha atie sahihi yake kuthibitisha kwamba fomu ilisomwa na maswali yakajibiwa. Shahidi aliyeitwa dakika ya mwisho kuja kutia sahihi hakushuhudia lolote. Beba pedi ya wino na kitambaa chenye maji. Kumwacha mama mzee na kidole cheusi mbele ya wageni si heshima.

Kabla ya kuondoka, mwambie mzazi mapema: "Vijana wengine hawaendelei, kwa sababu nyingi. Hatutawaambia wazazi ni kwa sababu gani." Sentensi hiyo isemwe kwa kila mzazi. Ndiyo itakayomkinga yule atakayekataa.

Hatua ya 5: Kijana mwenyewe

Keti naye mahali mnapoonekana lakini hamsikiki: chini ya mwembe ulio mbele ya nyumba, au ukingoni mwa uwanja. Chumba kilichofungwa kinaogopesha na kinazua maneno. Ndani ya nyumba, mama anasikia. Msichana aongozwe na mtafiti wa kike kama anapenda hivyo, na aulizwe. Zima rekoda.

Mweleze kwa mdomo, ukimwonyesha fomu. Kisha umwombe akueleze yeye. Usiulize "Umeelewa?" kwa kuwa kila mtoto aliyelelewa vizuri atasema ndiyo. Maswali yawe hivi:

"Tukimaliza hapa, utamwambia rafiki yako tumekuja kufanya nini?"
"Ukikataa, nini kitabadilika ukienda zahanati wiki ijayo?"
"Nani ataona majibu yako?"
"Kuna jambo gani katika haya ambalo usingelipenda?"
"Ukichoka katikati, utafanyaje?"

Akikosea moja, rudia sehemu hiyo kwa maneno mengine na umuulize tena. Akikosea lile la zahanati mara mbili, usichukue sahihi siku hiyo. Ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa kijana anayedhani atanyimwa dawa hakuwa na hiari.

Kisha uliza ridhaa kwa namna inayoifanya hapana iwe jibu la kawaida: "Wengine wanakubali, wengine wanakataa, na zote ni sawa kwetu. Wewe ungependa lipi, au ungependa kufikiria hadi kesho?" Halafu nyamaza. Kimya hicho ni kigumu kwa msaidizi wa utafiti mwenye idadi ya kufikisha, na hukijaza kwa kubembeleza. Mfunze kuhesabu moyoni hadi kumi. Tena, usimlipe kwa idadi ya walioandikishwa. Mlipe kwa siku.

Vijana wengi wa mashambani hawatasema hapana mbele ya mtu mzima. Watasema "sawa tu" huku wakichora chini kwa kidole cha mguu. Watasema "muulize mama". Watasema "nitakuja" na hawatakuja, kisha watasema hivyo tena. Ukiona dalili hizo, mpe njia ya kutoka: "Naona bado unafikiria. Tuache leo. Ukitaka kuendelea, nitafute." Mzigo wa kutafuta ukiwa wake, anayetaka atakuja. Miadi miwili iliyokosekana bila sababu ihesabiwe kuwa ni hapana.

Jambo moja lazima lisemwe kabla ya sahihi, kamwe lisingoje baada ya swali: mipaka ya siri. "Ukiniambia kwamba mtu anakuumiza, au unafikiria kujiumiza, sitaweza kunyamaza. Nitakuambia wewe kwanza nitamwita nani." Weka jina na simu ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo mfukoni, pamoja na 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, na 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Kijana anayeijua mipaka anaamua mwenyewe afungue nini. Asiyeijua anahisi amesalitiwa, na wenzake wote watajua.

Shuleni

Mwalimu mkuu anaruhusu uingie shuleni. Yeye si mlezi wa wanafunzi wote, hata katika shule ya bweni. Fomu zikipelekwa nyumbani na wanafunzi, baadhi zitarudi na sahihi iliyoandikwa ndani ya basi kwa kalamu moja. Piga simu kwa sampuli ya wazazi uthibitishe, au bora zaidi, kutana nao siku ya kutembelea wanafunzi au ya mkutano wa wazazi. Barua isemayo "usipojibu tutachukulia umekubali" isitumwe bila kamati kuiruhusu waziwazi, na kwa utafiti wenye damu au maswali ya mapenzi usiiombe kabisa.

Usiwaombe ridhaa wakiwa darasani wote pamoja. Atakayekataa atasimama peke yake macho ya watu 50 yakiwa juu yake. Mwite kila mmoja, wote wachukue muda ule ule, na waliokataa wapewe kazi nyingine ya kufanya, ili anayeangalia kutoka nje asiweze kuwatofautisha.

Nauli na fidia

Piga hesabu ya boda boda kwenda na kurudi, chakula cha mchana, na muda, kisha upeleke kiasi hicho kwa kamati. Kiandikwe kwenye fomu. Kilipwe kwa kila ziara, hata kwa aliyeacha katikati ya maswali. Pesa inayongoja mwisho wa utafiti humfunga mtu asiache. M-Pesa ni rahisi, lakini ujumbe hufika na jina la mtumaji, na simu mara nyingi ni ya baba. Hakikisha jina hilo halitaji ugonjwa wala mada ya utafiti. Sabuni, madaftari na sodo hufaa pale ambapo pesa italeta ugomvi nyumbani. Waulize vijana wa kundi la ushauri.

Kutunza fomu

Nakala mbili zitiwe sahihi, moja ibaki kwao. Kama kuwa na fomu nyumbani ni hatari kwa kijana, mwambie anaweza kukuachia, na uandike hivyo. Tarehe iandikwe na mwenyewe. Fomu zenye majina zifungiwe kabati tofauti na hojaji zenye nambari, na orodha inayounganisha majina na nambari iwe na ufunguo wa mtu mmoja au wawili. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinadai idhini ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto na kinataka maslahi ya mtoto yalindwe, hivyo kupiga fomu picha kwa simu binafsi na kuzituma WhatsApp ofisini ni marufuku, hata kama mtandao wa ofisi umekwama.

Baada ya sahihi

Kila ziara ianze upya kwa swali fupi: "Bado ungependa kuendelea leo?" Jibu liandikwe. Tengeneza orodha ya kila mwezi ya wanaotimiza miaka 18. Siku hiyo fomu ya mzazi inaisha nguvu kwa yale yajayo, na kijana anatia sahihi ya mtu mzima kabla ya swali jingine lolote. Rudia pia pale itifaki inapobadilika, hatari mpya inapojulikana, mlezi anapobadilika, au msichana anapopata mimba wakati utafiti unahusu dawa.

Anayetaka kuacha aache kwa njia rahisi kuliko aliyoingilia: ujumbe mfupi, neno kupitia rafiki, au kutofika. Asiombwe sababu. Mwulize mambo mawili tu, kama yuko tayari kuzungumza: data aliyokwisha kutoa itumike au ifutwe, na sampuli yake ihifadhiwe au iharibiwe. Kama majibu yamekwisha kuchanganywa bila majina na hayawezi kutolewa tena, hilo alipaswa kuambiwa siku ya kwanza. Rudi utazame kama fomu yako inalisema. Kisha jaza taarifa ya kuacha, mjulishe msimamizi wa data siku hiyo hiyo, na mwambie kijana tarehe sampuli yake ilipoharibiwa.